Nalaza oti tamu, naamka na oti chungu

Shikamoo Shangazi,

Shida yangu ni ya jikoni, si ya mapenzi. Natumaini nayo ina nafasi katika safu yako.

Natoka nyumbani saa 12 na robo asubuhi pamoja na watoto wawili, mmoja wa miaka 7 na mwingine wa miaka 4. Ili tusiondoke na njaa, niliamua kuandaa kifungua kinywa usiku. Hii ni wiki ya tatu na mambo yanakwenda mrama.

Ninachofanya ni hiki. Saa 5 usiku natia kwenye chupa ya kioo nusu kikombe cha oti, kikombe kimoja na nusu cha maziwa, vijiko viwili vya mtindi, kijiko kikubwa cha mbegu za chia, vijiko viwili vikubwa vya asali, na juu kabisa vipande vya papai na kiwi. Nafunika, naweka kwenye rafu ya mlango wa friji, nalala. Asubuhi juu kuna maziwa mepesi, ambayo huwa nayamwaga. Chini kuna donge la chia lililonata kwenye kioo, na ukilipasua unakuta mbegu za katikati bado kavu. Kinachonikera zaidi ni uchungu. Sisemi uchachu, nasema uchungu, kama mtu aliyesaga kidonge humo ndani. Nilidhani maziwa yameharibika, nikabadilisha, mambo yakawa yale yale.

Jumapili moja nikaandaa chupa 7 kwa mpigo. Ijumaa nilipofungua ya mwisho, kifuniko kilitoa mlio wa “psss” na ndani mlikuwa na povu. Mayai ninayochemsha dakika 20 yana duara la kijani kuzunguka kiini, na ganda linatoka na nusu ya yai. Mkate wa yai na nyanya wa watoto unafika shuleni umelowa chapachapa.

Hata siku ninayofanikiwa kula, ikifika saa 4 njaa inaniuma. Mume wangu naye anasema uji wa baridi ni mambo ya mitandaoni, yeye hali kitu kisicho na mvuke. Juzi nilisinzia kwenye kochi hata chupa sijaitoa kabatini. Nakosea wapi, Shangazi? Au haya ni mambo ya watu wenye nafasi?

Mama Chupa Saba

---

Marahaba, Mama Chupa Saba,

Tumbo na mapenzi ni majirani, kwa hiyo karibu. Barua yako ina makosa kadhaa, kila moja na sababu yake, na ndiyo maana ulibadilisha maziwa na hakuna kilichobadilika. Tuanze na uchungu, maana huo ndio uliokutia shaka na vitu vizima ambavyo havikuwa na kosa.

Uchungu ule umetoka kwenye papai na kiwi. Papai lisilopikwa lina kimeng'enya kiitwacho papaini, kiwi ina aktinidini, nanasi lina bromelaini. Vyote vitatu vina kazi moja: kukata protini vipande vipande. Ni kazi ile ile inayofanya papai lilainishe nyama ngumu. Ukivilaza usiku kucha ndani ya maziwa na mtindi, vinaikatakata protini ya maziwa, na baadhi ya vipande vinavyobaki ni vichungu ulimini. Mtindi nao unalegea, unakuwa majimaji. Papai lililoiva lina papaini kidogo kuliko papai changa, lakini kwa saa 7 au 8 hicho kidogo kinatosha. Ukitaka kuhakikisha, chukua visahani viwili, weka kijiko cha mtindi kwenye kila kimoja, kimoja ukitie kipande cha kiwi iliyopondwa na kingine kipande cha chungwa. Viweke kwenye friji, uonje kabla ya kulala. Cha chungwa kitakuwa mtindi wenye chungwa. Cha kiwi kitakuwa kimevuja maji pembeni na kina ladha ile unayoijua.

Hicho si chakula kilichooza wala hakina sumu, ni ladha tu iliyoharibika. Kugandisha tunda hakuviui vimeng'enya hivi. Moto ndio unaoviua, kwa hiyo nanasi la kopo, ambalo limepitia joto kiwandani, halileti shida hii. Papai lako na kiwi vikate usiku kama unataka, uvifungie kwenye kibakuli chake, uviweke juu ya oti asubuhi unapoketi kula. Ndani ya chupa usiku weka embe, chungwa, beri zilizogandishwa (zinayeyuka polepole na maji yake yanatia oti rangi na utamu), au tufaha lililokwanguliwa na kunyunyiziwa kijiko cha chai cha maji ya limau ili lisigeuke kahawia. Ndizi ponda kabisa uichanganye. Ukiikata vipande na kuvipanga juu, asubuhi vitakuwa vyeusi. Ndizi iliyoiva sana inakuondolea hata haja ya asali, na asali hiyo nina neno nayo baadaye.

Sasa vipimo. Nusu kikombe cha oti kwa kikombe kimoja na nusu cha maziwa ni kipimo cha sufuriani. Juu ya moto, wanga wa oti ukikaribia nyuzijoto 60 unavimba na kukamata maji, na maji mengine yanakwenda na mvuke. Ndani ya friji hakuna moto. Punje inakunywa kiasi inachokiweza, inashiba, na maziwa yaliyobaki yanakaa juu yakikutazama. Nawe ukayamwaga kwenye sinki pamoja na protini yake, ambayo ndiyo ingekushikilia tumbo hadi mchana.

Kwa mtu mzima mmoja tumia chupa ya nusu lita yenye mdomo mpana, ili kijiko kifike chini na pabaki nafasi ya kukorogea. Tia gramu 45 za oti bapa, ambazo ni nusu kikombe cha kupimia bila kushindilia, kijiko kimoja kikubwa cha chia kilichosawazishwa, kama gramu 10, na chembe ya chumvi inayoshikika kwa vidole viwili. Chumvi usiidharau. Oti zisizo na chumvi huonekana zimepooza, na mtu hukimbilia kuongeza utamu wakati kilichopungua ni chumvi. Kisha mimina mililita 150 za maziwa na gramu 80 za mtindi usio na sukari, yaani vijiko vikubwa vitatu vilivyojaa. Ukikosa chia, punguza maziwa yawe mililita 110. Ukitumia mtindi mzito uliochujwa, ongeza vijiko viwili vya maziwa. Ukitia zabibu kavu au tende zilizokatwa, ongeza kijiko kimoja zaidi, kwa kuwa nazo zinakunywa. Asubuhi kijiko kikisimama chenyewe ndani ya chupa, nzito ni ya kwako. Ukiipenda laini, ongeza maziwa hapo hapo. Kuongeza ni rahisi, kupunguza ndiko kulikokushinda.

Kuhusu oti zenyewe, ambazo kwenye pakiti nyingine huandikwa shayiri ingawa shayiri ni nafaka tofauti, angalia punje. Ikiwa kila punje ni kama kisahani kidogo kizima, hizo ni oti bapa na ndizo zinazofaa. Zilishapitia mvuke kabla ya kubanwa, kwa hiyo kuzila bila kupika hakuna tatizo. Zile za papo hapo, zilizosagika karibu kuwa unga, zikilala zinageuka ubandiko. Zile za kukatwakatwa, ngumu kama mchele uliovunjika, hata baada ya saa 8 zitakutafunisha, na hizo ni za kupika.

Donge la chia lina sababu ya kupendeza. Mbegu ya chia ikiguswa na maji hutoa ute unaoizunguka, na inaweza kunywa takriban mara 10 ya uzito wake. Ukizimwaga rundo juu ya maziwa, za nje zinatoa ute kwanza, ute unafunga njia, za ndani hazionji hata tone. Ndizo zile kavu ulizozikuta. Kwa hiyo changanya chia na oti zikiwa kavu, utikise chupa mpaka mbegu zitawanyike, ndipo umimine maziwa. Koroga ukikwangua chini na kwenye kona. Subiri dakika 10. Koroga tena. Mkorogo huo wa pili ndio watu wengi wanaouruka, na ndio unaovunja vidonge vinapoanza kushikana, kabla havijakaza.

Hizo dakika 10 ndizo zitakazokusaidia kuliko kitu kingine chochote nilichokiandika hapa. Wewe unaandaa saa 5 usiku, wakati mwili umeshafunga kazi. Ukiniuliza mimi, shida ya kochi haikuanzia kwenye uvivu. Umeipa kazi hii saa ambayo haina mwenyewe. Ihamishie kwenye vyombo vya chakula cha usiku. Sahani zikiondoka mezani, chupa zinatoka kabatini. Unamimina, unakoroga, unaziacha pembeni ya sinki. Unaosha vyombo. Vyombo vikiisha dakika 10 zimeshapita, unakoroga mara ya pili kwa mikono hiyo hiyo iliyo safi, unafunika, unaingiza friji, unazima taa ya jikoni. Hakuna cha kukumbuka, kwa sababu sinki lenyewe linakukumbusha.

Usijilaumu kwa wiki tatu. Mwaka 2009 Phillippa Lally na wenzake wa University College London walichapisha utafiti uliofuatilia watu 96, kila mmoja akijaribu kufanya jambo moja dogo kila siku baada ya tukio lile lile. Kwa makadirio yao jambo lilichukua siku 66 kwa mtu wa katikati kuwa mazoea yasiyohitaji kujisukuma, wepesi wakitumia 18 na wazito 254. Kukosa siku moja hakukuvuruga safari. Wewe uko siku ya 21, na ile ya kochi ni moja tu.

Ili usiku uwe mwepesi zaidi, ile hamu yako ya chupa 7 tuitumie vizuri. Jumapili andaa chupa 7 kavu: oti, chia, chumvi, mdalasini ukipenda, na lozi au korosho zilizosagwa. Zifunike, zipange kabatini. Kikavu hakina haraka. Kila usiku unatoa chupa za kesho, unamimina maziwa, mtindi na tunda, basi. Kazi ya dakika 3 bila kupima chochote isipokuwa maziwa, na hata hayo, ukichora alama kwa kalamu ya wino usiofutika nje ya chupa, hupimi tena. Mbegu za kitani zilizosagwa tu ndizo nisingeziweka kwenye chupa za kabatini. Mafuta yake huchacha upesi, kwa hiyo yakae kwenye friji utie usiku ule ule. Na usizitumie nzima, kwa kuwa nzima hupita tumboni zikatoka zilivyoingia.

Chupa zikishalowa, zihesabie siku 3, nyingi kabisa 4. Ya Ijumaa yako ilikuwa na siku 5, ina asali, ina tunda bichi, na ilikaa mlangoni. Mlango ndio sehemu yenye joto kuliko zote ndani ya friji, maana kila ukifunguliwa unapigwa na hewa ya jikoni. Chachu iliyo kwenye ngozi za matunda ikapata sukari na muda, ikatengeneza gesi, ndiyo “psss” uliyoisikia. Kikitoa mlio na povu usionje kujaribu, mwaga. Chupa zikae rafu ya katikati au ya chini, upande wa nyuma, na friji iwe nyuzijoto 4 au chini yake. Kipimajoto kidogo ndani ya glasi ya maji, kikilala humo usiku mmoja, kitakuambia ukweli kuliko ile namba ya kwenye kitufe. Na mtoto akila nusu akirudisha chupa na kijiko chake ndani, hiyo imalizwe siku ile au imwagwe.

Msomaji mwingine asiye na friji asilaze maziwa mezani kwa kisingizio cha barua hii. Chakula chenye maziwa hakifai kukaa nje zaidi ya saa 2, na kukiwa na joto kali linalopita nyuzi 32 ni saa 1. Yeye apime oti kavu usiku, gramu 45, aweke sufuria juu ya jiko na mililita 240 za maji safi zikiwa zimefunikwa pembeni, bakuli na kijiko mezani. Asubuhi ni dakika 5 za moto. Kuandaa usiku maana yake ni kwamba asubuhi huamui wala hutafuti kitu. Si lazima kiwe kimepikwa.

Njaa ya saa 4 tuihesabu. Kwa vipimo nilivyokupa, oti zinaleta kama gramu 6 za protini, maziwa 5, mtindi 3, chia karibu 2. Hizo ni 16 hivi. Ongeza yai moja, ambalo ni 6, umefika 22. Ukitumia mtindi uliochujwa, protini ya mtindi peke yake inaongezeka zaidi ya mara mbili. Nyuzinyuzi za oti nazo, hasa ile inayoitwa beta-glukani, hufanya ute mzito tumboni na chakula hakiendi mbio. Ukibadili maziwa ya ng'ombe kwa ya mimea, soma pakiti: ya soya yana protini inayokaribiana na ya ng'ombe, ya lozi kwa kawaida ni gramu 1 tu kwa kikombe.

Sasa lile neno langu na asali. Vijiko viwili vikubwa vina takriban gramu 34 za sukari. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 unataka sukari ya kuongezwa, na asali imo, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana iwe chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25. Umeimaliza kabla jua halijachomoza. Sukari iliyo ndani ya tunda zima haihesabiwi humo. Kijiko kimoja cha chai kinatosha, tena kitie asubuhi, juu, ulimi ukutane nacho kwanza. Kikichanganywa usiku kinapotea ndani ya oti nawe unaongeza kingine.

Kwa watoto punguza: wa miaka 7 gramu 30 za oti na mililita 100 za maziwa, wa miaka 4 gramu 20 hadi 25 na mililita 80. Yule mdogo asipewe njugu, korosho wala lozi nzima mpaka avuke miaka 5. Zinapalia. Zisage. Na mgeni akija na mtoto ambaye hajatimiza mwaka, asali asiionje kabisa.

Mayai. Dakika 20 ni nyingi mno. Duara la kijani ni salfa ya ute wa yai iliyokutana na madini ya chuma ya kiini kwa sababu ya joto la muda mrefu. Halidhuru, lakini linatoa harufu na kiini kinakuwa unga. Chemsha maji kwanza yatokote, ndipo uteremshe mayai kwa kijiko, upunguze moto, uhesabu dakika 10 au 11. Yatoe uyatumbukize kwenye maji ya barafu dakika 10 nzima. Kuanzia kwenye maji yanayotokota kunasaidia ganda kuachana na utando wake. Jambo la pili ni umri: yai la jana au juzi humenyeka vibaya kwa sababu ute wake bado una hewa ya kaboni dioksidi nyingi na unang'ang'ania utando. Likishakaa wiki moja ama siku 10, hewa hiyo imetoka kupitia ganda na ute umelegeza mkono. Kwa hiyo mapya yale ya kukaanga, ya zamani kidogo yachemshe. Yakishachemshwa yaingie friji kabla saa 2 hazijapita, yakiwa na maganda yake, na yaliwe ndani ya siku 7. Menya asubuhi ukianzia upande butu, kwenye kifuko cha hewa, chini ya maji yanayotiririka.

Mkate uliolowa ni kazi ya nyanya. Nyanya ikigusana na chumvi inatoa maji, na mkate haukatai maji. Paka siagi vipande vyote viwili mpaka ukingoni, kwani mafuta ni ukuta, ponda yai na kijiko cha mtindi mzito kwenye kibakuli usiku, na uache kuunganisha hadi asubuhi. Ni dakika 1. Nyanya iende shuleni nzima, zile ndogondogo, kwenye kopo lake, na kwa yule wa miaka 4 uzikate nne nne kwa urefu.

Mumeo tumjibu kwa heshima. Oti za kulazwa ni za tangu kabla mtandao haujakuwepo: daktari wa Uswisi, Maximilian Bircher-Benner, aliwapa wagonjwa wake wa Zurich tangu karibu mwaka 1900, kijiko kimoja kikubwa cha oti kilicholazwa kwenye maji kwa saa 12, kisha tufaha zima kubwa likakwanguliwa humo na limau na njugu. Tunda lilikuwa jingi kuliko oti, na hilo wengi tumeligeuza. Lakini mtu anayetaka mvuke apewe mvuke. Chupa yake usitie mtindi usiku, maana mtindi ukipashwa moto hukatika vipande. Asubuhi mimina oti zake kwenye sufuria, ongeza vijiko vitatu vya maziwa, moto mdogo, koroga dakika 3, kwa kuwa zimeshalainika hazihitaji zaidi. Mtindi ukae juu baada ya kuipua. Akitumia maikrowevu, ahamishie kwenye bakuli. Kioo kilichotoka kwenye baridi ya nyuzi 4 kikipigwa joto la ghafla kinaweza kupasuka.

Usiku ambao nguvu imekwisha kabisa, weka kikombe cha mtindi, tunda moja lililooshwa na yai lililochemshwa kwenye rafu moja ya friji, kijiko juu yake. Huo nao ni usiku uliotimizwa.

Ile chupa ya Ijumaa kabla hujaitumia tena, toa mpira wa kifuniko kwa ncha ya kisu butu, uuoshe peke yake kwa maji moto na sabuni, na uuache ukauke nje ya kifuniko. Harufu ya chachu hujificha chini ya mpira huo, na ukiurudisha umelowa, chupa mpya itaamka na harufu ya zamani.

Shangazi